Risala ya familia na watu wanaoishi na skizofrenia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Afya ya Akili Duniani, Oktoba 10

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa dini na wa mtaa, madaktari na wauguzi wa kliniki yetu, ndugu wanakikundi na wageni waalikwa,

Sisi tulio mbele yako ni wanakikundi 31. Baadhi yetu tunaumwa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii na kuamini mambo yasiyokuwapo; wengine ni mama, kaka na wake wa wanaoumwa. Hatutasema nani ni nani. Ukibashiri ukakosea hutakuwa wa kwanza. Mimi ninayesoma nitajitaja: nilianza kusikia sauti nikiwa kidato cha tano, na huu ni mwaka wa 14 niko kwenye dawa.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 24 duniani wana ugonjwa huu, karibu mtu 1 kati ya 300. Hapa Dodoma wengi wetu tuliogeshwa dawa na kuchanjwa chale kwanza, na wapo waliofungwa kamba, kabla hajatokea mtu wa kusema twendeni Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. Na jina hilo nalo watoto wamelifanya tusi.

Mheshimiwa, bila dawa nisingesimama hapa. Dawa hizi hupunguza nguvu ya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, ndipo sauti hufifia na ile hofu kwamba jirani anakutilia sumu hutulia. Ila zina maudhi yake. Haloperidoli, dawa niliyoandikiwa, ilinitetemesha mikono hadi chai ikawa inamwagika kwenye sosa, udenda ukinitoka. Nyumbani wakasema nimerogwa mara ya pili. Nikaacha vidonge. Haikupita miezi miwili nikawa nimerudi wodini. Kumbe ilitosha kusema: daktari alipunguza dozi, akaniongezea Artane, dawa ya kutuliza mtetemeko, mikono ikatulia. Mwenzangu anayetumia olanzapini, dawa nyingine ya ugonjwa huu, yeye shida yake ni njaa. Anamaliza ugali wa watu watatu na bado anachungulia sufuria.

Kitu ambacho dawa haikunirudishia ni hamu. Sauti zilinyamaza, nikabaki kwenye kigoda kutwa nzima, sina la kusema, sioni hata sababu ya kuoga. Baba yangu alivumilia miaka yote ya vurugu, lakini hili lilimshinda. Kila asubuhi: "Si umepona? Mbona umekuwa mvivu?" Hakujua, wala mimi sikujua, kwamba kule kukaa kimya nako ni ugonjwa, tena ni upande ambao vidonge huugusa kidogo tu. Siku moja akaja afisa ustawi wa jamii. Aliketi na baba chini ya mwembe, wakaongea mpaka kivuli kikahama, akamwomba jambo moja: anipe kazi ndogo kila siku, na asinisimamie. Baba akanipangia ndoo mbili za maji. Wiki ya kwanza nilichota moja. Hakusema kitu, na najua ilimuuma. Mwezi wa tatu nilikuwa nachotea na nyumba ya pili.

Baadaye kwenye mafunzo tuliambiwa kuwa kule Uingereza mtafiti George Brown na wenzake waliliona hili zamani, kati ya miaka ya 1950 na 1970: aliyetoka hospitali akarudi kwenye nyumba ya kusemwasemwa, aliugua tena upesi kuliko aliyerudi kwenye nyumba tulivu. Na hata hapa kwetu, Mirembe iliyojengwa mwaka 1927 iliwahi kuwa na wagonjwa wake Hombolo, hukuhuku Dodoma, wakilima na kufuga huku wanaendelea na dawa. Hatuombi jambo geni.

Kikundi hukutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Aliyekosa sindano yake ya dawa hufuatwa nyumbani siku ileile, na mfuko wetu humlipia nauli. Kila familia imeandika kwenye daftari dalili zinazotangulia mgonjwa wao anapoanza kuzidiwa. Mmoja huacha kulala, mwingine huziba madirisha kwa magazeti. Mimi huzima redio, maana huanza kunisema. Mradi wetu ni kuku 43. Walikuwa 45, wawili utakutana nao kwenye pilau.

Mheshimiwa, mwaka huu dawa zilikosekana kituoni kwa wiki tano. Wenye uwezo walinunua dukani, na wanne wasio na uwezo waliugua upya, kuku na kikundi vikiwapo. Tunaomba hilo lisijirudie. Afisa ustawi wa jamii anahudumia kata nyingi, kwetu hufika tukibahatika. Tunaomba apangiwe walau siku moja kwa mwezi. Na nyuma ya zahanati kuna robo ekari iliyojaa magugu. Tupatie hiyo, jembe tunazo.

Daftari la dalili liko mezani kwako. Ukurasa wa saba ni wangu. Aliyeuandika ni baba, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Naomba kuwasilisha.