Kaka, hiyo Merlin msiiwashe kwanza

Kaka, salama? Barua yako nimeipata, nikacheka pale uliposema mmeletewa Merlin ya Packard, ile injini ya ndege za kivita za zamani, yenye masaa machache tu tangu ifunguliwe mara ya mwisho na vijana wako wanataka kuiwasha mwezi huu huu. Tulieni kwanza. Kitabu cha injini kinaandika masaa ya kuruka, miaka ambayo injini imekaa ndani ya kreti hakuna anayeiandika, na hizi za zamani kukaa ndo kunaziua kuliko hata kazi yenyewe. Ikiwa inaruka mara kwa mara oili inapita kote, ikikaa inachuruzika yote chini na kule juu kwenye kamshafti, shafti inayofungua vali, panabaki pakavu, unyevu ukiingia kutu inaanza kula zile nundu za kam na roka zake (vimkono vinavyosukuma vali), tena alama yenyewe ndogo, macho hayaioni vizuri lakini pitisha ukucha utaisikia. Ukiwasha hivyo hivyo vinasagana, na unga wa chuma unashuka na oili mpaka kwenye beringi za kranki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Hapo mmeishaaa.

Kwa hiyo fungueni vifuniko vya juu kabla ya kitu kingine chochote. Alafu toeni plagi, ziko 24, mbili kila silinda, ingizeni ile kamera ya waya mkague kuta za silinda, na angalieni kama maji ya kupozea yamepenya pale chini ya laina, lile bomba la chuma ambalo pistoni inapanda na kushuka ndani yake, maana seal zikikauka zinavuja na hutajua mpaka injini ipate moto. Na spana zenu za kawaida wekeni pembeni! Packard walitengeneza zaidi ya 55,000 kule Marekani lakini nyuzi za bolti waliziacha za Kiingereza vile vile ili vipuri viingiliane na vya Rolls-Royce, waliobuni Merlin, sasa mtu akija na spana za Kimarekani anakula kona za nati zote.

Ikibidi mshushe mpaka kranki, usikubali fundi akwambie "nimeiangalia iko poa". Kranki na konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na kranki) zinatiwa sumaku, zinamwagiwa mafuta yenye chembe za chuma zinazong'aa, mnazima taa mnawasha ile ya zambarau, na ufa ukiwepo unajichora wenyewe kama mstari wa kijani. Mimi hiyo kazi naipenda sana sijui kwanini. Vya aluminiamu havishiki sumaku, hivyo mnatumia rangi ya kupenya.

Kuhusu ile injini nyingine, R-2800, uliyouliza, silinda 18 zimepangwa duara safu mbili, shida yake nyingine kabisa. Zile silinda zinazoangalia chini zinajaa oili ndege ikilala, na oili haishindiliki, ukipiga stata konrodi inapinda. Ndo maana kabla ya kuwasha watu wanazungusha propela kwa mkono, magneto zinazotoa umeme wa plagi zimezimwa. Ikigoma usilazimishe na usirudishe nyuma, naona watu wanafanya hivyo wanadhani wamesaidia kumbe oili imesukumwa tu kwenye bomba la kuingizia hewa, ukiwasha inarudi ndani. Toa plagi za chini imwagike, basi.

Jingine, rubani wenu aambiwe mapema nguvu zote za vitani asizitafute. Mwaka 1944 kulikuwa na petroli ya daraja 150, nyie mna 100LL, petroli ya ndege ya daraja la chini zaidi, akizidisha busti, yaani hewa inayoshindiliwa ndani ya injini, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake na pistoni inatoboka. Mjadala kwisha.

Mkishatoa vifuniko nitumie picha za kam, ya kulia na ya kushoto, zipigwe kwa karibu na mwanga utoke ubavuni ndo mikwaruzo inaonekana. Picha za ndege nzima imepakwa rangi sizitaki kwa sasa. Wasalimie hao vijana na stata waiache.