Ile elfu thelathini ni ya nini, mwanangu?

Ujiji, Kigoma

Mwanangu,

Hujambo baba. Sisi wazima. Barua hii anakuletea mama mdogo, anapanda treni kesho kuja Tabora. Nimeona niandike, maana kwenye simu ya patroni huwezi kuniambia kitu, wenzako wamekuzunguka. Juzi nilikuuliza mara mbili ile elfu thelathini ni ya nini, ukajibu "ya masomo, mama", salio likaisha. Masomo gani tena, mtihani umebaki wiki? Ada nimemaliza. Ya mock nimelipa. Hata ile ya rimu za karatasi nilituma.

Mtoto wa jirani alinionyesha kwenye simu yake grupu la watu wanaouza mtihani wa taifa wa kidato cha nne, na majibu juu. Nikamwambia nisomee bei. Elfu thelathini. Nilikuwa nachambua dagaa, nikaacha.

Sisemi umenunua. Kichwa unacho, matokeo yako ya kidato cha pili nilimwonyesha hadi muuza vitunguu. Ila tangu hapo hesabu umeipa kisogo, na anayeikimbia hesabu mwaka mzima ndiye anayetafuta mlango wa nyuma wiki ya mwisho. Ukikamatwa hawakati somo moja, wanafuta matokeo yote, hata Kiswahili ulichokijua mwenyewe.

Wewe hukuwepo 1998. Mitihani ya kidato cha nne ilivuja nchi nzima, ikafutwa, watahiniwa wakaitwa kukaa upya. Namjua binti mmoja wa hapa Ujiji aliyechukua hela ya mafuta ya taa ya bibi yake akanunua karatasi. Nyumba ikakaa giza siku nne, bibi akidhani hela imedondoka sokoni. Ilipofutwa binti hakuwa na kitu kichwani, alikuwa ameacha kusoma tangu apate ile karatasi. Nilikuwa nimeikariri mpaka koma. Bibi alikufa hajaambiwa.

Basi. Namba yako ya mtihani andika kila ukurasa. Kalamu nimekufungia tatu, mbili za bluu na moja nyeusi, na penseli ya michoro, usichore kwa kalamu. Swali lililokushinda liruke, utalirudia, usilikodolee macho kama paka na samaki. Na ulale. Nilipokuja kukuona mwezi wa nane macho yalikuwa mekundu kama ya mvuvi, nikakusema mbele ya wenzako. Ile haikuwa sawa, ingawa ulistahili.

Nimetia elfu kumi na mbili kwenye soksi ya kijivu. Ni ya sabuni na chai. Kumi na nane iliyobaki siyo kwamba sina kabisa. Nitaituma siku utakaponiambia jina la kitu unachonunua. Kikiwa kitabu, nitajie kitabu. Kikiwa deni, niambie deni la nani, sitapiga kelele.

Huku mvua zimeanza vibaya. Jumanne nilikuwa nimeanika ndoo sita za dagaa mchangani, wingu likaja kutoka upande wa Kongo, tukakusanya mimi na mdogo wako kwa mabati na ndoo, nusu ikalowana. Dagaa aliyelowana hata ukimwanika tena anakuwa mweusi, anaenda kwa bei ya chakula cha kuku. Na mwezi unaelekea kujaa, vipe, mitumbwi ya dagaa, vimelala, kwa hiyo wiki hii hakuna cha maana. Usishtuke. 2024 ziwa lilipofungwa miezi mitatu ilikuwa mbaya kuliko hivi, na hukurudishwa nyumbani hata siku moja. Ada ilitoka kwenye mawese.

Mdogo wako amekalia kitanda chako, anasema ukirudi utalala sebuleni. Bati la jikoni bado linavuja palepale, linakusubiri wewe, fundi ametaka hela ya ajabu.

Mama mdogo atakaa Tabora siku mbili kabla ya kugeuza. Mpe jibu la maandishi, usimpe la mdomo, yule anaongeza chumvi. Ni ya nini?

Mawese yamo kwenye dumu la njano, mfuniko nimeuzungushia nailoni. Ukishamimina lioshe kwa maji ya moto umrudishie. Dumu siyo letu.

Mama yako