Mwanangu, waache watangulie

Jinja, Jumapili jioni

Mwanangu Rajabu,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Sisi huku hatujambo. Mama yako anauliza kama unakula vizuri huko Uarabuni, na usimdanganye, kwenye picha ameshayaona mashavu yako.

Nimefurahi sana kusikia bosi amekupa farasi umpande, si kumwosha na kumlisha tu. Mbio za kilomita 80 za mchanga! Wajomba zako wa Bombo wananicheka ninapowahadithia. Uganda farasi ni wachache, mbung'o na maradhi yake walihakikisha hilo tangu zamani, na mtu anayepata riziki kwa farasi bado ni kichekesho. Acha wacheke.

Ya kilomita za mwisho utaambiwa na wengi. Mimi nataka tuzungumze nusu saa ya kwanza tu.

Unajua inavyokuwa tukitoka na watalii kando ya Nile. Farasi wapole, wamezoeana, lakini mmoja akipiga shoti kuelekea kwenye miwa, wote wanamfuata na mgeni aliye juu hana lake tena. Sasa wewe utakuwa katikati ya kundi la farasi wageni walioshiba nafaka, magari yakinguruma pembeni. Farasi hajui mbio za kilomita 80 ni nini. Akiona migongo ya wenzake inatoweka, anachojua ni kwamba anaachwa peke yake, na damu yake inachemka kabla hata hajapiga hatua.

Kwa hiyo usisogee kwenye mstari wa kuanzia. Panda mapema, mtembeze taratibu mbali na fujo mpaka misuli ipate joto, kisha kaza tena ukanda wa tumbo, maana wengi hujaza pumzi ukiwafunga mara ya kwanza. Kama anapiga mateke, mfunge utepe mwekundu mkiani, wenzako wataelewa. Wakiruhusiwa, mgeuze atazame kwingine, umtembeze duara. Vumbi likitulia, ndipo mwondoke kwa hatua, halafu telki, yaani mbio ndogo. Saa inahesabu, najua. Lakini dakika 5 ni nini katika safari ya saa 5?

Atavuta, hilo lazima. Usining'inie kwenye lijamu, kwa sababu ukivuta mfululizo ataegemea mkono wako na mtashindana nguvu hadi mikono ife ganzi. Vuta, legeza. Vuta, legeza. Akikusikiliza, hata kwa sekunde moja tu, mwachie hatamu kidogo ajue umeona. Kama kuna mwenzako mtulivu, nenda naye bega kwa bega, hiyo husaidia kuliko nguvu.

Kuna jambo linalonitisha zaidi. Farasi aliyepumzishwa huku akilishwa nafaka nyingi, ukimkurupusha misuli ikiwa baridi, inaweza kukakamaa. Utaona hatua za nyuma zimefupika, jasho linamtoka kupita kiasi, makalio magumu ukiyagusa, pengine mkojo wa rangi ya kahawa. Ikifika hapo shuka, usimlazimishe hata hatua moja, muite daktari.

Na sasa hesabu, kwa ajili ya bosi wako. Kwenye lango la daktari, pale farasi anapokaguliwa kila baada ya mzunguko, muda hausimami mnapofika. Unasimama unapompeleka farasi apimwe, na mapigo ya moyo yasizidi 64 kwa dakika. Aliyepiga shoti asubuhi anafika wa kwanza, halafu anasimama pale akimwagiwa maji huku saa ikienda. Wako anaingia nyuma yake, ametulia, anapimwa, anapita. Zile dakika zako 5 zimerudi. Na yule ambaye moyo wake haushuki hata akipimwa tena anatolewa, hata awe alikimbia namna gani.

Bosi akipaza sauti kutoka garini kwamba ushike wa mbele, itikia "sawa bosi", uendelee na telki yako. Akikasirika, mwonyeshe kifaa cha mapigo. Marekani wana mbio za Tevis, za kilomita 160, tangu mwaka 1955: anayemaliza ndani ya saa 24, farasi wake akiwa mzima, anapata bizimu ya fedha ya mkanda, hata akiwa wa mwisho.

Ukifika lango la kwanza nitumie namba ya mapigo tu, mengine baadaye. Mama yako yeye anataka picha, na usiwe umevaa ile kofia iliyochanika.

Baba yako