Kabine ya proje inajaa mwaka wa tatu, halafu nani atachimba ingine?

Bwana muhariri,

Nakusalimia wewe na wote wanaotengeneza gazeti letu. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Kadutu hapa Bukavu, lakini mama yangu mzazi bado yuko kijijini upande wa Walungu na mwezi haupiti bila kwenda kumuona. Naandika juu ya choo cha shimo, kabine kama tunavyoiitaga huku. Najua kuna watu wakiona hilo neno wanafungua ukurasa mwingine, tafadhali wasifungue, ju watoto wanahara na kufa kwa jambo ambalo siye wakubwa tunaona haya hata kulitaja mbele ya wageni.

Kabla sijashuka mjini nilikuwa reko, yule mtu wa kujitolea ambaye kituo cha afya kinamtuma apite nyumba kwa nyumba. Siku moja kijiji chetu kikapata proje. Animateri, wale wafundishaji wa proje, wakatukusanya chini ya mti wa avoka, wakachora kijiji chini kwa majivu, kila mtu akaambiwa aonyeshe pale anaendaga kujisaidia, na kidogo kidogo tukaona wenyewe uchafu umezunguka kisima chote. Halafu wakachukua glasi ya maji safi, wakagusisha unywele kwenye mavi, wakauchovya mule ndani ya glasi, wakauliza nani anakunywa. Watu walinyamaza kimya. Kuna bibi mmoja alilia. Hiyo njia wanaiitaga kwa Kifaransa ATPC, maana yake usafi kamili unaoongozwa na wanakijiji wenyewe, ilianza Bangladesh mwisho wa mwaka 1999 na bwana mmoja Mhindi, Kamal Kar, ambaye alisema musiwape watu vyoo vya bure, waacheni waone wenyewe kile wanachokula, watachimba. Na kweli tulichimba. Miezi michache tu karibu kila nyumba ilikuwa na kabine yake, kidumu cha maji kimefungwa kamba mlangoni, majivu kwenye kopo, na barabarani wakasimamisha kibao cha kusema kijiji hiki ni safi. Nilicheza ile siku ya sherehe mpaka kitenge kikanifunguka, na furaha yangu ilikuwa ya kweli.

Sasa nenda leo uone. Kibao kingali pale. Kabine ziko wapi?

Watu wa mjini wanapenda kusema wanakijiji ni wavivu, hawapendi usafi, wanarudia mazoea ya zamani. Mimi hayo maneno yananiuma sana ju nilikuwepo na nikahesabu. Wataalamu wanasema mtu mmoja anajaza shimo kavu karibu lita 60 kwa mwaka kama anajipangusa na majani, na kama ni magunzi ya mahindi inapanda mpaka lita 90. Sasa chukua nyumba ya watu 8, si wengi kwa kwetu. Hiyo ni lita 480 kwa mwaka. Shimo letu lilikuwa meta moja kwa meta moja, kwenda chini meta mbili, na nusu meta ya juu haitumikagi ju ndiyo pa kufunika na udongo. Inabaki lita 1500. Gawanya wewe mwenyewe: miaka mitatu na kidogo. Kwa hiyo tangu siku ya sherehe ilikuwa inajulikana kabine zote zitajaa karibu wakati mmoja, mwaka wa tatu au wa nne, na hakuna mtu hata mmoja aliyetuambia hiyo. Animateri walishaenda. Foto zilishapigwa. Komite ya kijiji ilibaki na daftari na fulana.

Na hata kabla shimo halijajaa, mchwa walishakula zile miti tulizolaza juu ya shimo. Mvua ya kwetu munaijua, kuanzia Septemba mpaka Mei ni maji tu, udongo unalainika, ukuta wa matope unaanguka upande mmoja, mtoto akikanyaga mguu unazama. Mtoto wa jirani yetu mguu ulizama mpaka kwenye goti, wakamvuta, na tangu siku ile mama yake alikataza watoto wote kuingia kabine, wakarudi kwenye migomba. Utamlaumu yule mama? Mimi siwezi.

Kuna jambo lingine ambalo proje nyingi hazitaki kuligusa, ni udongo. Huku Bushi, nchi yetu siye Washi, si kila mtu anayelima ako na shamba lake. Kuna wenye kalinzi, hao walishatoa ng'ombe au mbuzi kwa mwami, mfalme wa kimila, ao kwa shefu na wanajua watazikwa pale. Lakini kuna wengi wanakaa kwa bwasa, wanakodi kipande kidogo kwa msimu, mwaka kesho mwenye shamba anaweza kusema toka. Na kuna wale wanaokaa pembeni ya plantasio, kazi yao ni kibarua, hawaruhusiwi hata kupanda mgomba ju mgomba ni alama ya mtu wa kudumu. Sasa wewe unamwambia mtu wa bwasa achimbe meta tatu, anunue sima ya kujengea, ajenge ukuta wa matofali, kwa sehemu ambayo si yake? Kuna wenye mashamba wanakataza wazi kabisa, wanasema ukijenga kabine ya nguvu kesho utasema udongo ni wako. Nilipokuwa reko niliandika kwenye fishi "familia inakataa choo" na leo naona haya kwa hayo maneno, familia haikukataa, mwenye udongo ndiye alikataa.

Halafu milima. Nyumba zetu ziko juu, kisima kiko chini bondeni. Kanuni inasema kabine ikae mbali na kisima angalau meta 30, na isiwe upande wa juu yake. Kwa mlima uliojaa nyumba upande wa juu utaukwepa namna gani? Mvua ikipiga sana, kila kilichokuwa mule shimoni kinashuka kwa maji yetu. Sote tunakumbuka tarehe 4 Mei 2023 kule Kalehe, Bushushu na Nyamukubi, mafuriko yaliua watu zaidi ya 400 kwa siku moja, na waliobaki waliamka hawana nyumba, hawana kisima, hawana choo, na kolera kwa pembeni ya ziwa Kivu si mgeni. Ndugu zetu wa upande wa Goma nao wako na shida tofauti, kwao chini ni mawe ya volkano, unapiga nyundo siku nzima umeenda santimeta ishirini, ndiyo maana huko inafaa choo cha kujengwa juu ya udongo, cha vyumba viwili, unajaza kimoja na majivu, unakifunga mwaka, unatumia kingine. Nasema hayo ju proje inafikaga na plan moja tu, ileile kwa mawe na kwa matope.

Sitaki mtu afikiri nakataa kazi iliyofanyika. Programu ya taifa ya Vilaje Asaini, yaani vijiji safi, ilianza mwaka 2006, wizara ya afya pamoja na UNICEF, na kanuni zake saba mimi nazipenda mpaka leo: komite inayofanya kazi, watu 80 kwa mia wapate maji safi, nyumba 80 kwa mia ziwe na choo kizuri, salongo, kazi ya pamoja ya usafi, angalau mara moja kwa mwezi, na zile zingine. Proje yetu ilikuwa ndogo, ya kando, lakini kanuni iliazima mule. Tatizo langu ni kwamba tunapima siku ya kibao. Kupima tena mwaka wa nne hakuna aliyelipwa afanye hiyo kazi. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 iko, Katiba yetu kifungu cha 48 kinatuhakikishia maji ya kunywa na umeme, choo hakikutajwa mule, na mimi naona hata kwenye bajeti za huku chini kinasahauliwa vilevile.

Shule pia. Tangu masomo ya msingi kuwa ya bure mwezi wa tisa 2019 watoto walijaa, jambo zuri kabisa, lakini milango ya choo ilibaki ileile. OMS, shirika la afya la dunia, inaomba choo kimoja kwa wasichana 25. Shule moja naijua, jina naliacha, vyoo vizuri vilivyojengwa na wageni vimefungwa kufuli, funguo iko kwa wakubwa, "visiharibike". Binti wa ndugu yangu akiwa kwa siku zake anabaki nyumbani.

Sasa nini kifanyike, kwa mawazo yangu mama wa kawaida.

Kwanza, proje ikifika siku ya kwanza, shefu aulize mbele ya watu wote: shimo la pili nani atachimba, na kwa feza gani? Kama hawana jibu wasianze kupiga foto. Pili, watuachie mulde, ile forma ya kumwagia sima. Iko dale ndogo ya sima, ubao wa kukanyagia wenye tundu, santimeta 60 kwa 60, unailaza juu ya miti ya shimo, ilianza Msumbiji mwaka 1979, mtu anaibeba kwa mgongo, shimo likijaa unaing'oa unaipeleka kwa shimo jipya, haiozi, mchwa hawaili, inaoshwa. Vijana wawili wa kijiji wakifundishwa kuimwaga na mulde ikibaki kwa komite, wanaweza kuziuza siku ya soko kule Mugogo kama vile wanavyouza majembe. Mama zetu wako na likelemba, wanapokezana feza kila juma kununua masufuria na vitenge, dale moja haishindi sufuria.

Na kwa mtu wa bwasa, asilazimishwe meta tatu. Achimbe meta moja tu, kila akitumia atupe majivu, udongo na majani, likijaa anafunika, anapanda mgomba ao avoka juu yake kama mwenye shamba anakubali, anasogeza kibanda. Mama yangu mwanzoni alikataa katakata, alisema hatakula tunda la mavi. Nikamuuliza mbona mbolea ya ng'ombe unaila kila siku kwenye maharagi, akacheka, akasema nipande, lakini yeye atangoja aone jirani ale kwanza. Mgomba wa kwanza umeshatoa shina. Kwa wale wa plantasio hiyo ya mgomba haisaidii, najua, pale ni wakubwa wa plantasio, shefu na serikali wakae wasikilizane kwamba kabine si hati ya udongo, na waiandike.

Bwana muhariri, niko na ombi moja kwako. Tuma mwandishi wako kwa vijiji vitatu vyenye kibao, asisimame barabarani, apite nyuma ya nyumba, ahesabu kabine ngapi bado zinatumika, na atuandikie hesabu. Na kama kuna mtu wa proje anasoma barua hii na ako na mulde imelala kwenye depo, ailete kabla ya mwezi wa sita, ju sisi tunachimbaga kiangazi, Juni mpaka Agosti. Ikifika Septemba mvua imesharudi na shimo linajaa maji kabla hata mtu hajalitumia.

Msomaji wenu wa Kadutu, Bukavu