Wazazi wa Mombasa wajibiwe maswali yao kuhusu chanjo ya wasichana

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu hii chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi, wanayodungwa wasichana wa miaka 10 hadi 14, manake nimechoka kusikia watu wakisema ati wazazi wa Pwani ni wagumu, ati hatujasoma, ati tunapenda uvumi. Si kweli. Mzazi anauliza swali, hapati jibu, halafu usiku anafungua WhatsApp anakuta mtu asiyemjua ashajibu swali lile lile kwa voisi ndefu, kwa sauti ya upole na Kiswahili kizuri. Unataka amuamini nani, huyo aliyemjibu ama yule aliyenyamaza?

Watu wamesahau kwamba chanjo hii ilizinduliwa hapa hapa Mombasa. Ilikuwa Oktoba 2019, Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe alikuja, kamera zikaja, wasichana wa miaka kumi wakadungwa, tukaambiwa dozi ya pili ni baada ya miezi sita. Sasa hesabu, miezi sita inaangukia Aprili 2020, na shule zilikuwa zishafungwa tangu Machi kwa sababu ya korona, watoto wako majumbani, watu wanaogopa hata kupita karibu na zahanati, na dozi ya pili ikawapita wengi sana. Halikuwa kosa la mzazi yeyote. Lakini mtaani kwetu sikuona mtu akirudi kutueleza, na maneno yakajaa pale pale palipokuwa kimya, mbona wameachia katikati, kuna watoto wamedhurika wanafichwa, na kadhalika.

Halafu 2025 serikali ikatangaza dozi ni moja tu. Kwangu mimi hiyo ni habari njema kabisa, lakini nilivyoisikia kwa wamama wenzangu ilikuwa imegeuka, "jana mbili leo moja, kumbe walikuwa wanatujaribia watoto." Na kinachoniuma ni kwamba jibu la swali hilo liko, na limetoka hapa Kenya, wala si la kuletewa na mzungu. Watafiti wakiwemo Dkt Nelly Mugo wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, walichukua wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, Thika, Nairobi na Kisumu, waliokubali wenyewe kuingia, wengine wakapewa dozi moja ya HPV na wengine wakapewa chanjo nyengine ya homa ya uti wa mgongo ili walinganishwe. Baada ya miezi 18 wakaangalia nani ameambukizwa virusi vya HPV aina ya 16 na 18, hizo mbili ndizo zinaleta karibu asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Wale waliokosa chanjo ya HPV waliambukizwa 36. Waliochanjwa, na kulikuwa na makundi mawili ya chanjo mbili tofauti, alipatikana mmoja huku na mmoja kule. Matokeo yakachapishwa 2022, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likasema dozi moja yatosha kwa wasichana. Yaani dunia imejifunza kutoka kwa wasichana wa Kenya, na mama wa Kisauni hajaambiwa! Hii ingesemwa msikitini, kanisani, kwenye baraza la chifu, mtu angeondoka kifua mbele.

Badala yake kinachotufikia ni fomu. Mimi niliiona, imetoka kwenye begi la mtoto imekunjwa mara nne pamoja na karatasi ya maandazi, imeandikwa Kizungu kitupu, chini kuna mstari wa kutia sahihi, na sindano ni kesho yake asubuhi. Baba yake hayuko, yuko safarini na lori, simu haishiki. Mama anayejali mtoto wake hapo atafanya nini? Ataacha kutia sahihi, na mimi simlaumu, kisha kwenye ripoti ataandikwa amekataa chanjo. Hakukataa bwana, aliomba muda wa kuuliza.

Na maswali yenyewe si ya kipumbavu. La kwanza ni kizazi, je mtoto wangu atazaa? Hofu hii ina historia yake. Mwaka 2014 maaskofu wa Katoliki walipinga hadharani kampeni ya chanjo ya pepopunda wakisema ina homoni ya kuzuia uzazi, serikali na Shirika la Afya Duniani wakakanusha, lakini maneno hayakufa, yakahama kutoka sindano ile hadi hii. Wajibiwe wazi kwamba ndani ya chanjo ya HPV hamna kirusi kizima, mna protini inayofanana na ganda lake la nje tu, haiwezi kumuambukiza mtu, na kinachoondoa kizazi cha wanawake wetu ni hiyo saratani yenyewe, manake wengi hutolewa kizazi kizima ama kuchomwa mionzi.

La pili ni la aibu na ndio maana halisemwi kwa sauti. Mtoto wangu ana miaka kumi, anajistiri, anasoma madrasa, kwani mwanitilia shaka malezi yangu? Hapa wanaokuja na chanjo wanazunguka zunguka, waseme tu. HPV ni ya kawaida sana, wengi katika wanaume na wanawake huipata wakati fulani maishani bila kujua, kwa hivyo msichana anaweza kujitunza hadi siku ya ndoa na akaipata kwa mumewe wa halali. Chanjo inafanya kazi vizuri zaidi ikitangulia, virusi vikishaingia haivitoi. Haihusiani na tabia ya mtoto hata kidogo. Malaysia, nchi ya Waislamu, wanawachanja wasichana wao shuleni tangu 2010.

Nimemuona jirani yangu akiondoka na ugonjwa huu. Alitokwa na damu miezi mingi akisema ni mambo ya utu uzima, akikaa kwenye kiti anatandika leso mbili na akiinuka anaangalia nyuma kwanza, alipokubali kwenda hospitali ilikuwa imeshasambaa. Chama chetu kikachanga na msikiti ukachanga, pesa zikapatikana, muda haukupatikana. Zaidi ya wanawake 3,000 Kenya hii wanafariki hivyo kila mwaka, na ni saratani yenye kinga! Mimi hilo silali nikilifikiria.

Na asije mtu akasema ni ushamba wetu. Japani ni nchi tajiri, iliyosoma, chanjo ilikuwa imefika karibu asilimia 70 ya wasichana, 2013 zikaonyeshwa video za wasichana wanaosemekana wamedhurika, serikali ikaacha kuihimiza, na ikashuka hadi chini ya asilimia moja. Uchunguzi haukuonyesha kwamba chanjo ndiyo iliyoleta madhara yale, lakini hadi wanaanza kuihimiza tena ilikuwa 2022. Karibu miaka tisa! Wasichana wa miaka hiyo walikua bila kinga. Imani ikishaanguka haiinuki kwa tangazo la redio.

Kwa hivyo naomba, kaunti itume nesi kwenye madrasa zetu na Sunday skuli wiki mbili kabla ya sindano, akae na wamama, aulizwe hadi wachoke, na awe mtu anayejulikana mtaani. Wahudumu wa afya wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wafunzwe kujibu, si kuhesabu watoto tu. Fomu iwe ya Kiswahili na ikae nyumbani wikendi nzima. Waseme pia madhara yaliyopo, mkono kuuma, homa kidogo, wengine kuzimia dakika chache baada ya sindano na ndio maana mtoto huambiwa akae dakika 15 kwanza, manake mzazi akiyaona hayo bila kuambiwa ataona amedanganywa na mengine yote.

Na kuna wasichana waliokuwa na miaka kumi mwaka 2019 wakapata dozi moja ikaishia hapo, washakuwa wakubwa na mama zao bado wana hofu kwamba mtoto amebaki nusu. Kwa utaratibu wa sasa hiyo moja inatosha, isipokuwa kwa mwenye kinga dhaifu ambaye anahitaji dozi zaidi na aulize kliniki anakochukulia dawa. Shule ziko na namba za simu za wazazi hao. Watumiwe meseji, hata ya mistari miwili, kwa Kiswahili.

Mama wa wasichana,
Kisauni, Mombasa