Mkurugenzi, tupe afisa ustawi anayekaa

Ndugu Mkurugenzi wa Manispaa yetu,

Nakusalimu kwa heshima zote, japo barua zangu za masjala sijui zimelala kwenye faili gani.

Alhamisi iliyopita saa tano usiku niligongewa mlango. Askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, na binti mdogo mwenye sare ya shule, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, imekunjwa mkononi. “Mama, wewe ni familia ya kuaminika, mpokee kwa leo.” Ndivyo tunavyoitwa sisi tuliofunzwa kupokea kwa muda watoto walio hatarini. Nikampokea. Leo hiyo bado inaendelea.

Afisa Ustawi wa kata? Kahamishwa. Aliyemtangulia naye alihamishwa. Anayekaimu ana kata nne, na nauli ya bodaboda ya kuja kumwona mtoto alinikopa mimi. Simdai yeye, namdai mwajiri wake.

Mtoto analala na viatu. Nikimvua akishasinzia, asubuhi namkuta kavivaa tena, kamba zimefungwa. Uji najua kupika, kubembeleza najua. Ila hili linataka mtu aliyelisomea, aje leo na wiki ijayo awe yuleyule, afike na kwa bibi yake aone kama mtoto anaweza kurudi huko. Sisi kila anayekuja anaanza upya: “Nani alikupiga?” Mtoto sasa hajibu.

Labda ni bajeti. Labda ni mafuta ya gari, ingawa Mwenge ulipopita mafuta yalipatikana.

Siku ya Mtoto wa Afrika ulituahidi jukwaani kwamba kila kata itapata afisa wake. Tulipiga makofi, soda tukanywa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imewakabidhi ninyi, serikali za mitaa, ustawi wa watoto hawa. Nilipofika ofisini kwako kulalamika nikashauriwa niunde kikundi nichukue mkopo wa vikundi, ule wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Mkopo wa kulelea mtoto wa Serikali! Asante kwa ushauri.

Wenzangu niliopata nao mafunzo wanajitoa mmoja mmoja. Watoto wanawapenda, kupiga simu isiyopokelewa ndiko kulikowashinda. Mabango ya 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, yapo hadi stendi, lakini baada ya 116 kupokea, nani anakuja?

Sijaomba posho, sijaomba godoro. Naomba afisa mmoja wa kata hii, mwenye nauli, asiyehamishwa kabla hajalijua jina la mtoto. Afisa mmoja, Mkurugenzi. Kama haiwezekani, niandikie hivyo kwa barua yenye muhuri, maana mwalimu mkuu naye anataka kujua amwandikishe mtoto huyu kwa mlezi gani.

Mimi mlezi, kata ya pembezoni