Shamba la Mlimani Halipimwi Maji Kama Kiwanja cha Mbagala

Mteja wetu wa Mbagala amenunua shamba upande wa Matombo, kwenye miteremko ya Uluguru, na anataka kisima. Akatuambia: "Njooni mpime sehemu moja tu, kama mlivyonipimia nyumbani." Tunamwelewa, fedha haziokotwi. Lakini kule kipimo cha sehemu moja ni kubahatisha, na hatutaki kumuuzia mtu bahati nasibu.

Hapa Dar tunakanyaga mchanga na mfinyanzi uliojipanga kwa matabaka. Mara nyingi kipimo kimoja kinatosha kuonyesha mchanga wenye maji uko kina gani na, ukiwa karibu na bahari, maji ya chumvi yanaanzia wapi. Uluguru ni habari nyingine. Chini kuna mwamba mgumu wa kale, na maji yanakaa kwenye nyufa zake na katika tabaka la juu lililooza kwa mvua na joto la miaka mingi mno. Mahali pengine tabaka hilo ni nene, hatua thelathini mbele ni jiwe tupu. Tabaka hilo lililooza ndilo linalomeza mvua ya masika na kuiachia taratibu kiangazi, vijito vikaendelea kuingia Ruvu, mto unaotunywesha sisi wa Dar. Waliohangaika na ndoo wakati wa mgawo wa maji mwaka 2022 wanajua Ruvu ikipungua inakuwaje.

Kwa hiyo mlimani tunapima mstari mzima. Tunatandaza waya mteremkoni, tunapigilia nondo fupi kwa umbali sawa, na udongo ukiwa mkavu tunamwagia kila nondo maji ya chumvi ili umeme upite. Mashine inapitisha mkondo kwenye nondo mbili na kusoma volteji kwenye mbili nyingine, tena na tena, mpaka ardhi inaonekana kwenye picha ya rangi kama mkate uliokatwa. Mwamba mzima usio na nyufa unakataa umeme, kipimo cha ukinzani (jinsi ardhi inavyozuia umeme) kinapanda hadi maelfu ya omu-mita. Penye maji kinashuka.

Hapo ndipo wengi wanapoponzwa. Mfinyanzi nao unapitisha umeme vizuri, ila kisimani hautoi maji ya maana, na kwenye picha rangi yake ni ileile. Kwa sababu hiyo tunarudia mstari kwa nyundo. Fundi anapiga sahani ya chuma iliyolazwa chini, na jiofoni zilizochomekwa ardhini zinapokea mtikisiko. Tunaomba kila mtu asimame tuli, maana hata mbuzi akipita anaonekana kwenye mashine. Kwenye udongo mkavu uliolegea mtikisiko huenda mita mia chache kwa sekunde, kwenye uliolowa chepechepe kama 1,500, kwenye mwamba mzima zaidi ya 4,000.

Nyundo peke yake haitenganishi mfinyanzi uliolowa na mchanga uliolowa. Inachotuonyesha ni mwamba unaanzia wapi na umepasuka wapi. Kipimo cha ukinzani kikishuka pale pale ambapo mtikisiko umepungua kasi ndani ya mwamba, hapo tunaweka alama ya kuchimba. Vipimo hivyo viwili visipokubaliana, tunakuandikia hivyo kwenye ripoti, na usichimbe hapo hata kama gari la kuchimbia limeshafika. Na kabla halijaitwa, kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu kiwe mkononi.

Jambo moja tunaloomba kwa mwenye shamba: utukutanishe na wazee wa kitongoji. Tunataka watuonyeshe chemchemi ambayo haijawahi kukauka mwezi wa kumi, kwa sababu mstari wetu wa kwanza tunauanzia hapo.